Mablanketi kwa Ajili ya Waskoti

Gustave Etabo alitaka kuitwa Pasta. Sidhani alikuwa na tamaa nyingine kubwa. Mwaka 2017 alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke aliyeitwa Arlène, watoto waliomsikia kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kizulu, na karakana ndogo Doornfontein alikovalisha upya makochi ya watu. Aling'oa kitambaa kilichochakaa, akabadilisha sponji, akashona ngozi ya bandia juu ya mbao zilezile za zamani. Kazi haikukosekana, maana Johannesburg watu huketi sana wakisubiri mambo. Lakini fundi wa makochi ni fundi tu hata akizeeka. Pasta ni Pasta hata anapokwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua sabuni.

Kanisa lao lilikuwa mtaa wa Bertrams, ghorofani, juu ya gereji ya kupiga magari rangi, hivyo Roho Mtakatifu na harufu ya rangi walitumia ngazi moja. Waumini walikuwa Wakongo wa Fizi na Uvira, na Warundi kadhaa. Kiongozi wao, Pasta Jean-Bosco, alikuwa Mrundi mpole mwenye suti za rangi ya krimu, tena mwangalifu sana katika kuwawekea watu mikono. Alikuwa na sababu. Kila aliyemfanya mchungaji alikaa miezi michache, kisha akafungua kanisa lake mtaa wa pili na kuondoka na baadhi ya waumini. Mmoja aliondoka na spika. Bertrams ilikwisha kuwa na wachungaji wengi kuliko kondoo. Ndipo Jean-Bosco akaweka sharti: anayetaka uchungaji aende kwanza mahali pasipo na Neno, arudi na matunda.

Gustave alikuwa bado anatafuta mahali hapo pasipo na Neno, na nauli ya kufika, Effie alipopiga simu. Huyu alikuwa mama wa Kiskoti, mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiingereza kwa wakimbizi wa kanisa hilo kila Jumamosi kabla ya kurudi kwao, kwenye kisiwa kimoja cha Hebridi, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Gustave alikuwa mwanafunzi asiyekosa. Effie na wenzake wa kanisani walikuwa wamechanga tiketi, wakitaka aje apumzike mwezi wa Julai, aone kwao.

Pasta Jean-Bosco hakuisikia sehemu ya kupumzika.

"Ndugu Gustave," alisema, "Ulaya makanisa yamegeuka baa. Mengine yanauza mazulia. Walituletea Injili, wakaisahau hukuhuku. Wewe unawarudishia. Ukija na matunda, Jumapili hiyohiyo tunakuwekea mikono."

Kanisa zima likaomba kwa ajili ya Uskoti. Mama Célestine, mkuu wa akina mama, akaomba hasa kwa ajili ya wanaume wa huko, ambao alisikia wanavaa sketi.

Kisiwa kilimpokea kwa upepo. Hapakuwa na mti. Nchi ilikuwa kama mnyama mkubwa aliyekonda, mifupa ya mawe ikitokeza ngozini kila mahali, na katikati ya mifupa hiyo maji meusi yaliyotulia, na juu yake mbingu iliyokuwa chini mno, kama dari la nyumba ya maskini. Bahari ilipiga majabali mchana kutwa kama inayodai kuingia. Kondoo walisimama barabarani, wakalitazama gari la Effie, wakapisha walipoona inafaa. Gustave, aliyezaliwa penye migomba na mihogo, alitafuta kitu cha kijani kinachozidi kimo cha goti, akakikosa.

Alikuwa ametayarisha hubiri kali la kuwaamsha waliolala. Jumapili ya kwanza akalibeba kanisani ndani ya Biblia. Watu wakaingia wamevaa nyeusi, wakaketi bila kugeuza shingo. Hapakuwa na kinanda wala ngoma. Mzee mmoja akaanzisha mstari wa zaburi kwa Kigaeli, peke yake, na wengine wakaufuata kila mmoja kwa mwendo wake, sauti zikipanda na kushuka zikipishana, mpaka Gustave akaona ngozi ya mikono yake inasisimka. Kisha mahubiri. Pasta Jean-Bosco alijulikana Bertrams nzima kwa kutochoka, lakini huyu alimpita, tena bila kuinua sauti na bila kufuta jasho.

Alasiri hakuna aliyeanika nguo. Chakula kilikuwa kimepikwa Jumamosi. Gustave alipowasha simu na kufungulia kwaya ya kwao, Effie akaja mlangoni.

"Gustave, naomba usubiri mpaka kesho," alisema kwa upole. "Jirani hawapendi muziki siku ya Bwana."

Alikuwa amevuka dunia kuwaletea Injili wasioamini, na ilipofika jioni yeye ndiye alikuwa mtu wa anasa.

Jumatatu akakutana dukani na yule mzee wa zaburi.

"Wewe ni mchungaji?" mzee akauliza.

"Bado."

"Basi kazi yako nini?"

"Navalisha makochi."

Uso wa mzee ukafunguka kwa mara ya kwanza. Jumanne Gustave alikuwa amepiga magoti kwenye nyumba ya mzee huyo, misumari mdomoni, mbele ya kiti cha marehemu mkewe kilichozama katikati. Jumatano likaja kochi la jirani. Hakuna aliyemwomba kuhubiri, na hakuna aliyelala ili aamshwe. Muda ukawa unakwenda, na matunda yake yote yalikuwa na miguu minne.

Ndipo Effie akampeleka kutembea, na Gustave akaanza kupiga picha. Alipiga mawe marefu yaliyosimamishwa kwa duara na watu wa kale, ambao hakuna ajuaye waliwaza nini. Alipiga nyumba nyeusi, kama wanavyoiita wenyewe: kuta nene za mawe, paa la nyasi lililofungwa kwa kamba zenye mawe ncha zake, ndani giza, na katikati ya sakafu moto wa udongo wa bwawani, ambao hukatwa kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa badala ya kuni. Upande mmoja walilala watu, upande wa pili ng'ombe. Ilikuwa makumbusho. Mlangoni palikuwa na msichana anayekata tiketi na rafu ya vikombe na soksi za kuuza. Gustave akajipiga picha moshini, koti limefungwa mpaka kidevuni, macho yakimtoka machozi, akaituma pamoja na ile ya mawe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa bila kuandika neno.

Bertrams ikaamka.

"Papa Gustave, bale batu wanalalaka humo?" akaandika Mama Célestine.

"Pamoja na ng'ombe?" akaandika mwingine aliyekuza picha.

"Hawana hata dirisha."

"Tazameni koti. Na huko sasa ni kiangazi. Kama kiangazi ni hivi, baridi yao inakuwaje?"

Mtu akairudisha picha ya mawe na kuandika kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuabudu mawe. Hilo likapata amina nyingi. Kisha akaandika Pasta Jean-Bosco mwenyewe: "Bwana amemwonyesha mtumishi wake mlango. Watu wana njaa ya mwili na ya roho. Kuanzia leo tunakusanya nguo na mablanketi kwa ajili ya ndugu zetu Waskoti. Haya ndiyo matunda."

Gustave alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari la Effie, kiti chenye joto lake chenyewe. Alijua kila kitu. Aliandika, "Pasta, hiyo ni nyumba ya," akafuta. Akaandika, "Pasta, watu hapa hawana," akafuta. Akatazama dirishani. Neno matunda lilikuwa limetoka kwa Pasta mwenyewe, mbele ya kanisa zima. Akaandika, "Amina," akatuma.

Siku ya mwisho Effie akamleta kwenye bonde lililoelekea bahari. Palikuwa na kuta zilizoanguka, za nyumba kama ile nyeusi ila bila paa, nyingi, zimetawanyika mteremkoni, majani yameota palipokuwa na vitanda. Kondoo walilala milangoni. Effie akaeleza kwa maneno machache, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Mwenye ardhi alitaka nafasi ya kondoo. Watu wakaambiwa watoke. Wakaondoka na mbao za paa mabegani kwa sababu kisiwani hapakuwa na miti, na aliyekosa mbao hakuwa na nyumba popote alipofika. Babu wa babu yake alizaliwa hapo chini, karibu na kijito.

Gustave alikwisha kupanda ukuta mmoja na kunyoosha dole gumba mbele ya simu. Picha ilikuwa nzuri. Akashuka taratibu.

"Na kwenu?" Effie akauliza. "Nyumba yenu bado ipo?"

"Walichoma. Tukavuka ziwa." Akafikiri. "Kuta labda zipo. Baba alijenga kwa mawe."

Akakaa juu ya jiwe. Aliona mlima wa kwao juu ya Fizi, na mlangoni pa nyumba ya baba yake msichana anakata tiketi, na mgeni mwenye koti jekundu, mtu mwema kabisa, amepanda ukuta wa chumba alichofia bibi, dole gumba juu. Simu ikatetemeka mfukoni. Mama Célestine ametuma picha ya magunia yaliyopangwa mbele ya madhabahu, na maandishi: "Mwambie Effie avumilie."

"Nyumbani wanasemaje?" Effie akauliza, akimmiminia chai kutoka kwenye chupa.

"Wanakusalimia."

"Waambie nawapenda."

Gustave akaifuta ile picha ya dole gumba. Ile ya moshi ilikuwa imekwisha kwenda.

Alirudi Johannesburg mwanzo wa Agosti, upepo wa vumbi ukipenya kila ufa. Jumapili, kabla ya ibada, Pasta Jean-Bosco akamwita kwenye chumba kidogo cha vyombo vya muziki. Mafuta ya kupakwa yalikuwa tayari mezani.

"Utasimama, utasema ulichokiona, halafu nakuita mbele," akasema Pasta.

"Niliona makumbusho, Pasta."

"Usiseme makumbusho. Sema nyumba."

"Hakuna anayelala mle."

"Umesema hujui Kigaeli. Utajuaje nani analala wapi?" Pasta akamwekea mkono begani. "Ndugu yangu, hawa watu wetu ni wakimbizi. Miaka yote wanasimama kwenye foleni wakipokea. Juzi, kwa mara ya kwanza, wametoa. Wamerefuka. Unataka kuwafupisha?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Gustave angependa kushindwa nayo. Wakatoka. Magunia yalikuwa palepale mbele. Safu ya pili alikaa Mama Héritière, msusi wa nywele, anayeishi kwenye jengo lisilo na vioo vya madirisha, na mtoto wake alikuwa anakohoa ndani ya sweta mbili. Gustave akasimama, akashika maikrofoni, akaanza vizuri na upepo na mawe. Kisha akamtazama yule mtoto.

"Ile nyumba ni ya kutazamwa," akasema. "Ni ya zamani. Watu wa kule wana nyumba nzuri, na joto, na magari. Wanamjua Mungu. Hawahitaji nguo."

Upande wa akina mama shingo zikageuka.

"Ya kutazamwa na nani?" akauliza Mama Célestine.

"Wageni. Wanalipa kuingia."

"Wanalipa kuona moshi?"

"Na kitanda, mama."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hakuna siku hizi. Pale ng'ombe walipolala pameandikwa tu."

Exaucé, mpiga gitaa la besi, akasema bila kuinuka, "Eish, kumbe tunakalia pesa. Waleteni bazungu waone kwangu. Maji hakuna, umeme hakuna, na mimi mwenyewe nimo ndani."

Kanisa likacheka, ila Mama Célestine hakucheka.

"Papa Gustave, nilipouliza kama wanalalaka humo, uliandika Amina."

"Niliandika, mama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuitwa Pasta."

Pasta Jean-Bosco akafunika chupa ya mafuta. Wakaamua magunia yafunguliwe, kila mtu achukue chake, na hapo ndipo ibada ilipoharibika kweli. Mbele ya macho yote zikatoka fulana za uchaguzi wa Kongo wa mwaka 2011, zenye sura za watu walioshindwa. Kikatoka kiatu kimoja cha kisigino kirefu. Zikatoka shuka zenye matundu, nguo ya kuogelea, tai ya rangi ya krimu ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nani. Wenye mali wakatazama dari. Kitu kizima kilikuwa kimoja, blanketi nene la kahawia, na Mama Héritière akaenda kulichukua, akamfunga mtoto wake, akarudi kuketi bila kumtazama mtu.

"Mambo ya mikono tutayaangalia mwakani," Pasta akatangaza. "Ndugu Gustave ataanza upya. Kuna kazi Polokwane."

Gustave na Arlène wakarudi kwa miguu, wakipita uwanja wa Ellis Park, watoto wakitangulia. Robot, yaani taa za barabarani, ikawasimamisha, na Arlène akamgeukia.

"Ungenyamaza, sasa hivi ningekuwa Mama Pasta."

"Ndiyo."

"Mama Pasta," akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho hana nia ya kukinunua. Magari yakapita. "Huko Polokwane nako kuna nyumba za kutazama?"

"Sijui."

"Ukizikuta, simu iache nyumbani."

Taa ikabadilika, wakavuka.