Shanga za Nakiru Kwenye Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini, uwanja wa ndege wa Lodwar, nilipewa ufagio na sare ya kijani. Msimamizi wa uwanja, mgeni kutoka kusini, mwenye sauti nyembamba, alinitazama shingoni.

"Mama, hizo shanga zitashikwa na mashine. Vua."

Mfagiaji ana mashine gani? Sikuuliza, nilitaka kazi. Kwetu Waturkana mwanamke aliyeolewa akivua shanga zake zote, watu wanajua mume amekufa. Nikavua, nikazifunga kwa leso. Tangu hapo nikawa navua kila asubuhi nikishafika, na jioni navaa tena kabla Ewoi, mume wangu, hajaniona.

Shule niliacha darasa la pili, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki. Karani mkuu alipogundua hivyo, akanitoa kwa ufagio. Asubuhi alinisomea orodha ya abiria mara moja tu, kisha mimi nikaita: "Ekal mwana wa Lopeyok, wa Lowarengak!" Mtu akiitwa pamoja na baba yake na kwao, anaamka hata kama amelala kwa kibanda cha chai. Asiyeitika mara tatu, karani alimwandika noshoo, ndilo neno la ofisi la mtu aliyekata tiketi na hakuonekana. Ekal huyo alizuiwa njiani na mto uliofurika. Alifika kesho yake na gunia la samaki, akatuuliza ndege imeelekea wapi, aifuate.

Halafu nikapelekwa Kakuma. Huko nilichanganyikiwa zaidi. Wakimbizi wa kambi ya huko walingoja miaka mingi wapate kiti kimoja cha kwenda kuishi ng'ambo, lakini bado noshoo walikuwepo. Deng Majok, muuza mitumba kutoka Sudan Kusini, nilimwita mara tatu akiwa amesimama mbele yangu. Mama yake hakuwa kwenye orodha.

"Mama, andika tu sikuonekana," akaniambia.

Lakini nilikuwa namwona.

Niliporudishwa Lodwar nikawekwa kwa mizani. Ndege ndogo hupimiwa kila kitu, abiria na mzigo wake, kwa sababu jua likiwa kali haiinuki vizuri. Jumanne moja akaja Nakiru wa Kataboi, shanga zimempanda hadi kidevuni. Mume wake, Lokwang, alikuwa amelazwa Eldoret, na simu ilikuwa imesema aje haraka.

Alisimama kwenye mizani, mshale ukapita mstari. Akaacha gunia la samaki mkavu. Ukapita. Akaacha kibuyu cha maziwa, akaacha na viatu. Bado.

"Avue hayo mashanga amwachie Mama," msimamizi akasema. "Rubani hangoji mtu."

Nikamwambia kwa lugha yetu, "Nakiru, dada yangu, vua. Nitakuwekea."

"Nivue? Kwani Lokwang amekufa?"

"Hajafa. Ndiyo uende umwone."

"Nimfikie nikiwa mjane? Hata hapo kitandani atashtuka." Akaangalia shingo yangu. "Na wewe, wako alikufa lini?"

"Wangu yuko sokoni anauza mbuzi."

"Yeye anajua kwamba amekufa?"

Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha sanduku. Mimi nikawa natafuta kalamu ambayo hata sijui kuitumia.

Nikamwita mara tatu, kwa sababu hiyo ndiyo sheria. Nakiru binti wa Lomuria, wa Kataboi. Alikuwa ameketi chini, karibu na mguu wangu, na hakuitika. Karani akaandika noshoo. Ndege ikaondoka na kiti chake, ikatuachia vumbi.

Lokwang alifariki Jumatano.

Alhamisi Nakiru akarudi kwenda kuchukua maiti. Shingo ilikuwa tupu, nyeupe pale shanga zilipokaa tangu aolewe. Akapanda kwenye mizani bila kuambiwa. Mshale ulisimama mbali na mstari.

"Sasa niite," akasema.

Nikamwita. Aliitika mara ya kwanza.

Nyinyi vijana mnaokata tiketi kwa simu mtaniambia kosa lilikuwa la nani, kwa sababu mimi sijui. Angepanda Jumanne, angemkuta mtu wake hai. Lakini mgonjwa angefungua macho aone nini? Karani mkuu alisema ni ujinga wa mila. Msimamizi alisema sheria ni sheria. Nilifanya kazi na wote wawili mpaka nikastaafu, na siku ya kuagana tulikunywa soda.

Nilipofika nyumbani nikavaa shanga zangu, nikasema sasa hazitoki tena. Mwaka jana Ewoi akafa, uzee tu. Wanawake walikuja kunisaidia kuvua, wakakuta nimeshamaliza. Mikono ilifanya haraka, kama kila asubuhi. Nilikuwa nimezifunga kwa leso na nimesimama mlangoni, nangoja kwenda kazini.