Mama Funguo na Mpangaji Mwenye Mvi

Saa moja asubuhi, dalali wa vyumba ambaye mtaa mzima unamwita Mama Funguo anamwingiza mteja chumbani.

"Keti kwenye hiyo ndoo, baba. Usiseme neno. Sikiliza."

Ndivyo kazi yake ilivyo. Kwake, chumba husikilizwa kwanza, mteja awajue majirani kwa sauti. Nyuma ya ukuta redio inaimba, mtu anasugua sufuria.

Mteja ni fundi cherehani, kichwa cheupe pe. Nyumba ya ukoo imeuzwa, na kesho anatakiwa awe ametoka.

"Kitendawili," Mama Funguo anamtega.

"Tega."

"Ameaga wengi, yeye hajasafiri."

"Chumba cha kupanga!" Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Mama Funguo ana miaka ishirini kazini. Zamani wateja wake walikuwa vijana wenye godoro na jiko. Wakishaoa, wanajenga, wanahama.

"Siku hizi? Nampangisha mjukuu, kesho nampangisha babu yake! Wajane, walimu wastaafu, mama na watoto wanne. Jamani, watu wote hawa walikuwa wapi?"

Mtu anabaki kinywa wazi. Mtaa uliokuwa na nyumba mbili za kupangisha, leo karibu kila geti lina kibao cha chumba.

Mwenye nyumba anafika, anamvuta dalali nje. "Nilitaka kijana mwenye kazi. Huyu akinifia humu?"

"Kwani vijana wamekuahidi hawafi?"

Mwenye nyumba bado anatikisa kichwa. Hapo jirani anatoka na sufuria yake mkononi.

"Baba, mpe chumba. Sisi sote tunashinda kazini, na juzi wametuibia nguo kambani mchana kweupe. Tunataka mtu wa kushinda nyumbani. Tena nimesikia ukutani kuwa ni fundi cherehani, na suruali ya mume wangu imepasuka."

Sauti inatoka ndani: "Nimeambiwa nisiseme neno, lakini hiyo suruali ilete!"

Mwenye nyumba anaangua kicheko. "Haya, aingie leo."

Mama Funguo anafuta jasho. Naye ni mpangaji, na mvi zimeshamchungulia.

"Nataka kila nyumba itenge chumba kimoja cha chini, kisicho na ngazi, cha mzee. Wenye nyumba wawili nimeshawaendea. Mmoja kanifukuza, mwingine kasema nirudi Jumatatu. Jumatatu atanikuta mlangoni, hata uso hajanawa."