Kiduara cha Koku

Niliaibika mbele ya wazazi wa shule nzima, na aliyeniaibisha ni mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo msimtafute mwingine wa kumlaumu.

Mjukuu wangu Koku yuko kidato cha kwanza hapa Muleba. Siku hiyo wazazi tuliitwa shuleni, wanafunzi waeleze kazi zao za hesabu mbele yetu, na mwalimu achague mmoja wa kwenda kushindana Bukoba. Koku alikuwa amechora kwenye manila mstari wenye namba, juu ya tatu kaweka kiduara kitupu, na kutoka hapo mshale mnene unaokimbilia kulia. Asubuhi alipokwenda kuoga nikakitazama kile kiduara, nikaona mtoto kaacha kazi nusu (kwangu hata sufuria haioshwi upande mmoja), nikachukua peni nikakijaza wino mpaka kikang'aa, nikaikunja manila, nikanyamaza, nikijiona nimesaidia.

Zamu yake ilipofika akaifungua, akaona kiduara kimejaa wino. Mwalimu akamwambia namba zinazotakiwa ni zile zilizo kubwa kuliko tatu, sasa mbona tatu yenyewe ameijaza. Mtoto hakunitaja. Nikaona nafasi yake inaondoka hivihivi, nikasimama (mimi niliyeishia darasa la tatu, na kitenge changu cha kanisani) nikasema ni mimi nimejaza, niliona tundu. Ukumbi wote ukacheka, hata mwenyekiti wa kijiji, ambaye nimempangusa kamasi akiwa mdogo.

Koku hakucheka. Akaniuliza, "Bibi, ule omulamula wa mpakani ni wetu au wa jirani?"

Nikamjibu kwa ukali, maana hilo nalijua. "Mti wa mpaka si wa mtu. Kibanja chetu kinaanza ukishauvuka."

"Basi tatu ndiyo omulamula. Haimo kwenye jibu, ndiyo maana kiduara kinaachwa wazi. Ukikijaza, Bibi, umechukua na mpaka."

Kicheko kikakatika. Wazee waliokuwa wakisinzia wakaanza kuelezana wao kwa wao, na mwalimu akakiri kwamba miaka yote anayofundisha hajawahi kulieleza jambo hilo vizuri hivyo. Aliyekwenda Bukoba ni Koku.

Mimi nimeapa, kazi ya mtoto siigusi tena. Daftari lake nalitazama mikono ikiwa mgongoni. Lakini atakayewaambia kwamba mfano ule Koku aliupata kwa mwalimu, mwelekezeni kwangu.