Siku Mama Aliposhuka kwenye Pikapu

Wiki jana fundi wa magari mmoja wa mtaa wa Mamboleo alikandamiza boneti ya gari langu kulipima, akaiachia, na gari likaruka mara tatu kabla ya kutulia. Nikamkumbuka Mama, na hasira zake za siku moja ya utoto wangu zikanipanda mimi.

Siku hiyo alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na uchungu ulikuwa umeanza. Baba alitupakia kwenye pikapu yake iliyonuka dagaa wa omena na oili, tukatoka mtaani kwetu Nyalenda kwenda hospitali. Kila shimo liliturusha, na hata baada ya shimo gari liliendelea kunesanesa huku vyuma vikilia kwii, kwii. Nilidhani gari linacheza kwa sababu mtoto anakuja. Nikapiga makofi.

"Baba Akinyi, hii gari si ulisema umetengeneza?" Mama aliuliza, meno yameumana.

"Nimeongeza springi mbili. Mpya kabisa!"

"Simamisha."

"Lakini hospitali bado iko mbali."

"Nimesema simamisha!"

Akashuka, akatembea, mkono kiunoni. Baba alimfuata polepole na gari, akimbembeleza dirishani. Mama hakugeuka hata mara moja.

Leo najua springi hubeba uzito tu. Kinachozizuia zisiendelee kuruka ni shokapu, na za Baba zilikuwa zimekwisha, oili ikichuruzika mbele ya macho yake. Kila mara alinunua springi. Shokapu, kamwe!

Mama alifika hospitali kwa miguu, na mdogo wangu akazaliwa salama jioni ile. Kesho yake Baba alipokuja kutuchukua, Mama alimkabidhi mtoto ambebe.

"Hiyo gari yako iache hapa," akamwambia.

Tukarudi nyumbani sote kwa miguu.