Fundi Hashimu na Pedali ya Tatu

Ukifika Likombe na gari linalokohoa, huna haja ya kuuliza sana. Mama muuza mihogo pale barabarani atakunyooshea mkono kabla hujafungua mdomo: kwa Fundi Hashimu huko, penye magari yasiyo na matairi. Na ukimkuta, utamkuta miguu tu. Mwili uliobaki uko chini ya gari la mtu.

Sifa yake kubwa ni moja. Fundi Hashimu hajaribu gari kama mafundi wengine, wale wanaochukua gari la mtu wakazunguka nalo mji mzima na kurudi mafuta yamekwisha. Yeye humwambia mwenye gari aendeshe mwenyewe. Yeye hukaa pembeni, mkono juu ya dashibodi, macho kafumba, shingo kaipinda kidogo, anasikiliza. Wakienda mbele kidogo atasema, beringi ya nyuma kushoto, na kweli itakuwa beringi ya nyuma kushoto. Watu wakasema ana kipaji. Wengine wakasema ana kitu. Yupo mzee mmoja anayeapa kwamba Hashimu huongea na injini kwa Kiyao.

Jamani. Ukweli ni mdogo kuliko hayo yote: Fundi Hashimu hajui kuendesha gari.

Usicheke kwanza, sikiliza ilivyokuwa. Alipokuwa anajifunza kazi kwa fundi wake wa zamani, wanafunzi walitambaa chini na mkubwa ndiye aliyeshika usukani. Kazi yao ilikuwa kusukuma. Hashimu akasukuma mpaka akahitimu, akafungua gereji yake, na siku ya kwanza tu wateja wakamwita fundi. Sasa fundi mzima atamwendea nani kumwambia naomba unifundishe kuendesha? Akasema atajifunza mwezi ujao. Miezi ikapita, ndevu zikaota, zikaingia mvi, na jambo ambalo lingekuwa aibu ya siku moja likawa siri ya maisha. Anayeijua ni mkewe tu, Salma, ambaye kila akimwona mumewe anakwenda sokoni kwa baiskeli humwambia awasalimie madereva wenzake.

Akafika Bi Asia.

Bi Asia ni Mmakonde, mjane, dereva mstaafu. Ameendesha malori ya korosho tangu enzi ambazo mwanamke akishika usukani watu walitoka nje kushangaa. Mguu wake ni mwepesi, na mdomo wake ni mwepesi zaidi. Kwa kuwa yeye ni Mmakonde na Hashimu ni Myao, wale ni watani, na mtani ana ruhusa zake. Siku aliyofiwa na mama mkwe, Hashimu alimkuta Bi Asia kajilaza kwenye jamvi katikati ya msiba anadai hatoki mpaka apewe jogoo wa marehemu, na akapewa, na waliokuwa wanalia wakacheka. Huwezi kumkasirikia mtani. Ukikasirika wewe ndiye mshamba.

Alikuja na Pijo 504 ya zamani aliyoachiwa na kaka yake, rangi ya maziwa, imevutwa kwa kamba. Ilikuwa na gia za otomatiki na zilikuwa zimekufa kwa uzee. Bi Asia hakusikitika hata kidogo. Alisema hajawahi kulipenda gari linalojiamulia lenyewe lini libadilishe gia, maana hata marehemu mumewe hakuwahi kuruhusiwa naye kujiamulia. Alitaka gia za mkono, na klachi, kama gari la watu wazima.

Kazi ile Hashimu aliifurahia, hilo lazima nikiri. Giaboksi aliipata Masasi, kwenye Pijo nyingine iliyokuwa imegeuka banda la kuku. Akatoa ile ya otomatiki, akafunga flaiwili, lile gurudumu zito la mkiani mwa injini, akafunga klachi, akachimba nafasi ya pedali ya tatu. Kila kitu kikakaa, isipokuwa kitu kimoja. Shafti ya giaboksi ya mkono huingiza ncha yake kwenye mkia wa injini, na pale huwa pana bushi ndogo kama pete ya kuishikilia isiyumbe. Injini iliyozaliwa na otomatiki haina bushi hiyo. Ina tundu tupu. Mjini akakosa bushi ya kipimo kile, na mwenye mashine ya kukereza chuma alikuwa kasafiri. Hashimu akakaa na tundu lake akilitazama. Mwisho akapanda baiskeli mpaka kwa mchonga mpingo mmoja Mmakonde wa njia ya Mikindani, mwenye mashine ndogo ya kukerezea, akamchorea kipimo kwenye mchanga wa mlangoni. Bushi ikatoka nyeusi, inang'aa, akailoweka kwenye oili mpaka ikashiba, akaigonga taratibu ikaingia. Ingesukuma siku mpaka ya shaba ipatikane.

Bi Asia alipoelezwa alicheka mpaka akashika mlango.

Akasema tangu azaliwe amesikia Wayao wanawaibia Wamakonde vinyago, lakini huyu ni wa kwanza kurudisha kinyago na kukificha ndani ya injini. Akauliza kama kina sura. Akauliza kama usiku kitatoka kicheze. Hashimu akajikausha, akaendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa, ila moyoni alikuwa mweupe pee kwa furaha, kwa sababu injini ilikuwa imewaka na giaboksi haikutoa hata mlio wa panya.

Basi siku ya kuchukua gari ikafika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na watu walishajaa, maana Pijo ile ilikuwa imekaa pale muda mrefu na kila mpita njia alikuwa na maoni yake. Madereva wa bajaji walikuwepo, wakiongozwa na kijana mmoja anaitwa Issa ambaye hakosi penye kelele. Mama wa mihogo aliacha kikaango chake kikiungua. Hashimu akafungua mlango wa dereva, akainama kidogo kama mhudumu wa hoteli, akampisha Bi Asia apande.

Bi Asia hakupanda. Akamwekea funguo mkononi.

"Mtani," akasema, "mpishi anaonja kwanza. Wewe umenitilia mti kwenye injini. Endesha wewe, mimi nitazame kama utarudi."

Watu wakashangilia. Patamu hapo. Hashimu akasema mgongo unamsumbua. Bi Asia akasema kiti cha Pijo ni dawa ya mgongo. Hashimu akasema leseni kaiacha nyumbani, na hapo alisema uongo, maana nyumbani hakuna leseni. Bi Asia akasema askari wa barabarani Likombe hawajaonekana tangu mvua za mwaka juzi. Hashimu akasema kwamba mwenye gari ndiye anayelijua gari lake. Bi Asia akamjibu kwamba gari hili sasa lina giaboksi ya banda la kuku na bushi ya Wamakonde, hivyo hakuna mtu anayelijua.

Maji yakamfika shingoni. Aliutazama umati ule, wateja wake wote, watu waliomwamini na magari yao, akaona jina lake lote limesimama pale kwenye jua likisubiri kuanguka. Angeweza kupanda na kulibamiza gari ukutani. Angeweza kukimbia. Akahisi amechoka, amechoka kabisa kwa miaka yote ile ya kufumba macho.

"Bi Asia," akasema, na sauti ilimtoka ndogo, "mimi sijui kuendesha gari."

Halafu watu wakapasuka. Issa alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mama wa mihogo akajifuta machozi kwa kanga. Fundi Hashimu hajui kuendesha! Mtani kamweza mtani, wakasema, huyu Myao leo kapata jibu. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Ukweli aliouficha nusu ya maisha yake ameutoa nje mchana kweupe, na kwa kuwa ameusema kwa mtani, umepokelewa kama mzaha bora wa mwaka.

Bi Asia naye alicheka. Lakini dereva wa malori hutazama mikono ya mtu kabla ya uso, na mikono ya Hashimu ilikuwa imezing'ang'ania zile funguo kama mtu anayezama aliyeshika kamba. Kicheko chake kikapungua. Akamtazama, akatazama watu, akakohoa, kisha akapaza sauti kuliko mwanzo.

"Wayao bwana! Kila kitu mpaka wafundishwe na Mmakonde. Haya ingia, nikuonyeshe gari linaendeshwaje."

Akazunguka, akakaa upande wa abiria. Hashimu akaingia nyuma ya usukani kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Bi Asia akawa anasema kwa sauti mbili: moja kubwa ya kuwachekesha walio nje, nyingine ndogo ya humo ndani. Kwa ile kubwa alimwita Hashimu majina yote ya utani. Kwa ile ndogo alisema mguu wa kushoto, klachi, mpaka chini. Sasa gia ya kwanza. Iachie taratibu, si kwa ghafla.

Na Hashimu aliijua klachi ile. Alijua idadi ya springi zake, alijua pleti ilivyokaa, alijua kila boliti kwa sababu yeye ndiye aliyeikaza. Aliijua kutoka chini. Kutoka juu, kwa unyayo wa mguu, hakuwahi kukutana nayo. Pijo ikaruka, ikazima.

Watu wakalia kwa kucheka. Anaigiza! Ona anavyoigiza!

Akawasha tena, ikazima tena, Issa akapiga magoti kuomba huruma ya mbavu zake. Hashimu akajikaza kisabuni. Safari iliyofuata mguu ukasikia kitu, mahali fulani katikati, pale klachi inapoanza kushika, na Pijo ikaondoka polepole kwenye vumbi, ikapita kikaango cha mihogo, ikaingia barabarani kuelekea Naliendele. Nyuma yao watu walipiga makofi kwa jinsi fundi alivyojua kuigiza.

Walipokwisha kupotea machoni pa watu, Bi Asia akaiacha ile sauti kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza Hashimu kumsikia bila utani, na hilo lilimtisha kuliko usukani. Alitaka kumshukuru, akaogopa kugeuza shingo.

"Mimi nilipojifunza walicheka hivyohivyo," Bi Asia akasema, akitazama mikorosho inavyopita. "Kila gari likizima, wanaume wote kituo kizima. Tofauti ni kwamba mimi hawakudhani natania."

Macho ya Hashimu yalikuwa yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza ndani ya gari linalotembea hakuweza kuyafumba.

"Na wewe ulifanyaje?" akauliza.

"Niliwasha tena," akasema. "Haya, kanyaga klachi, tia ya tatu. Kesho nakuja alfajiri, na usimwambie mtu, maana rivasi yako itawaua kwa kicheko."

Akatia ya tatu. Ikakwaruza vibaya sana, sauti ile ambayo mteja akiitoa mbele yake huwa anamwangalia kwa dharau. Bi Asia akauma meno.

"Umeiumiza," akasema.

"Najua," akajibu Hashimu, huku machozi yanamtiririka na anacheka. "Nitaitengeneza."