Jina la Gwamaka

Chungu kipya cha Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, kikipata moto kwa mara ya kwanza hutoa harufu ya udongo ulionyeshewa na mvua. Harufu hiyo sijawahi kuipenda. Naandika hapa niliyoyaona. Kwamba jina humla mtu, nilisikia tu. Wanaoliamini neno hilo wabaki nalo.

Jina langu ni Gwamaka, yaani mwenye nguvu. Lilikuwa la babu yangu, na wajukuu wawili tulirithishwa: mimi, kwetu Bujonde, na mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Ikombe. Mimi nilipanda minazi kama ngedere. Mwenzangu miguu yake haikumbeba.

Siku moja shangazi alifika, mwanawe mgongoni na chungu kichwani. Hakuitikia salamu yangu. Aliinjika ubwabwa katika chungu hicho kipya, kisha akamgeukia baba.

"Mbadilishie jina huyu. Nguvu za baba yetu amezimaliza yeye. Wangu kaachiwa makapi."

"Dada, amebatizwa kwa jina hilo kanisani."

"Kanisani walimjua baba?"

Baba akainamia jembe lake. Alikuwa mdogo wake, na dada mkubwa hajibiwi mara mbili. Nikajua kwamba kufikia jioni ningekuwa sina jina.

Ubwabwa ulipoiva, shangazi aliita, "Gwamaka, njoo ule!" Niliinuka.

"Si wewe. Kaa hapo, mwizi."

Majirani waliokuja kumsalimu walicheka. Nilikaa. Mwenzangu, aliyelazwa kwenye mkeka upande wa pili wa uwanja, hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Gwamaka," aliniita, sauti kavu, "nibebe basi. Au unangoja nitembee?"

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nilipomtua kando ya sahani alisema, "Ndaga," asante ya kwetu. Shangazi alimnawisha mikono yeye peke yake.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mwanamke yule aliziona nguvu kama ubwabwa chunguni: akichota huyu, yule hukosa. Kuelewa si kusamehe. Hadi tulipomzika hakuniita tena kwa jina langu.

Kilichompata mwanawe baadaye huko Ikombe nilisimuliwa tu, na kila msimulizi ana lake. Nililoliona siku ile ya ubwabwa ni hili: mwenzangu alifinyanga tonge la kwanza, akalipitisha mbele ya uso wa mama yake, akanilisha mimi. Lilikuwa la moto. Nililimeza.