Mjane wa Redio

Vita vya Uganda vilipopamba moto mwaka wa 1979, hoteli ya Nabalayo pale Obunga iligeuka bunge. Chai ilikuwa kisingizio. Watu walifuata redio yake. Stesheni hii ilisema adui amefagiliwa. Ukizungusha kidogo, adui naye anatangaza ushindi, na ukiwasikiliza wote wawili hakuna aliyepoteza hata askari mmoja. Nabalayo alizisikiliza zote roho mkononi, kwani mumewe Walubengo alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo huko Jinja, na habari zake zilikuwa zimekatika.

Kisha redio moja ya Wazungu ikatangaza kwamba kiwanda kile kimelipuliwa, hakutoka mtu.

Kesho yake akafika shemeji yake Wepukhulu kutoka Bungoma. Kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake, na mjane hunyolewa. Wepukhulu alikuwa ameshakata mgomba na kaburi limechimbwa. Haraka ya nini, hata sijui.

“Twende nyumbani, Mama Selpha,” alimwambia Nabalayo. “Watu wanangoja.”

“Nani alimwona akikufa?”

“Redio ilisema.”

“Redio gani? Ziko tatu, na kila moja iko na vita yake.”

Wahome, fundi wa cherehani kutoka Nyeri, akaingilia kati. “Lakini hii ya Wazungu, Mama, haina upande. Hiyo inasema ukweli.”

Nabalayo akamgeukia. “Bwana Wahome, wakati wa emajensi ya mkoloni, ndugu yako alikuwa msituni. Hiyo redio ilimwita nani?”

Wahome akakitazama kikombe chake. “Gaidi,” akasema.

“Wewe ulimwita nani?”

Kisha akamgeukia Wepukhulu.

“Shemeji, zikeni mgomba wenu,” Nabalayo alisema. “Kichwa changu hakiguswi na wembe.”

Wepukhulu aliondoka amenuna. Nabalayo aliingia jikoni akalia, maana hofu alikuwa nayo, tena nyingi. Akanawa uso, akazima jiko, akafunga nguo zake kwenye leso na kutoka kwenda kutafuta basi la Busia, mpakani mwa Uganda.

Mlangoni alimkabidhi Wahome redio.

“Kaa nayo mpaka nirudi na yeye,” alisema. “Na wakitangaza mimi pia nimekufa, usiwaamini.”